Spini: silaha ya mrushaji asiye na kasi katika kriketi

MNAMO Machi 15, 2003, mjini Durban, Afrika Kusini, mwanamume wa umri wa miaka 39 aliyekuwa amekwisha kustaafu alikabidhiwa mpira na kutakiwa kuwazuia mabingwa wa dunia. Aasif Karim, mrushaji wa Kenya atumiaye mkono wa kushoto, hakuwa na kasi ya kumtisha mtu. Hata hivyo, hadi mechi hiyo ya Kombe la Dunia ilipomalizika, alikuwa amerusha mipira 50, akatoa mikimbio saba pekee na kuwaondoa wapigaji watatu wa Australia: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Kati ya ova nane kamili alizorusha, sita hazikuzaa hata mkimbio mmoja.

Australia ilishinda mechi hiyo, lakini tuzo ya mchezaji bora ilimwendea Karim. Silaha yake ilikuwa spini, yaani ufundi wa kuusokota mpira ili ukidunda ubadili mwelekeo.

Ufundi huo hauhitaji kifua kipana wala kimo kirefu. Unahitaji vidole, subira na akili. Kwa sababu hiyo ndio unaofaa zaidi kufundishwa katika maeneo ambako kriketi haijaota mizizi, yakiwemo Kitui na Makueni, ambako kijana mwenye kipaji cha michezo huelekezwa zaidi kwenye soka, voliboli au riadha.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Kriketi huchezwa na timu mbili za wachezaji 11 kila moja. Katikati ya uwanja kuna pichi, ukanda wa ardhi ngumu wenye urefu wa mita 20.12. Kila mwisho wa pichi husimamishwa vigingi vitatu vyenye vijiti viwili vilivyolazwa juu yake. Hiyo ndiyo wiketi. Vigingi vina kimo cha sentimita 71, na upana wa wiketi nzima ni sentimita 22.86.

Mrushaji hutupa mpira kutoka upande mmoja, naye mpigaji huulinda upande wa pili kwa gongo huku akitafuta mikimbio. Mipira sita hufanya ova moja, kisha mrushaji mwingine huchukua zamu kutoka upande wa pili wa pichi.

Mpira wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Umefunikwa kwa ngozi na kuzungukwa na mshono ulioinuka kidogo. Wanawake hutumia mpira mwepesi kuliko huo. Mshono huo ndio mtaji wa mrushaji wa spini. Vidole huushika, na unapogusa ardhi huikwaruza na kuupindisha mpira.

Warushaji wa kasi hufikia mwendo wa kilomita 140 kwa saa na hata zaidi. Wale wa spini huridhika na kilomita kati ya 75 na 90. Wa kwanza humnyima mpigaji muda wa kufikiri. Wa pili humpa muda mwingi kuliko anaouhitaji, ili afikiri vibaya. Simba mwenda pole, walisema wahenga, ndiye mla nyama.

AINA KUU ZA SPINI

Kuna makundi mawili makubwa: spini ya vidole na spini ya kifundo cha mkono. Ili kuyaelewa, msomaji ajue kwanza kwamba uwanja hugawanywa pande mbili kwa kumtazama mpigaji. Upande ambao uso wake unaelekea huitwa ofu, na ule ulio nyuma ya miguu yake huitwa legi.

Mrushaji wa mkono wa kulia anayetumia vidole hurusha ofu-spini. Kidole cha shahada na cha kati hutandazwa kwa kuachana juu ya mshono. Wakati wa kuachilia, kidole cha shahada huvuta mpira kwa nguvu na mkono huzunguka kama wa mtu afunguaye kitasa cha mviringo. Mpira hudunda upande wa ofu na kuingia ndani kuelekea miguu ya mpigaji atumiaye mkono wa kulia.

Mrushaji wa vidole atumiaye mkono wa kushoto, kama Karim, hufanya jambo lile lile lakini matokeo ni kinyume. Mpira wake hutoka miguuni na kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia kuelekea upande wa ofu. Mpira unaokimbia gongo ni hatari zaidi, kwa kuwa huguswa na ukingo wa gongo na kuishia mikononi mwa mlinda wiketi au mdakaji aliyesimama kando yake.

Legi-spini ni ya kifundo. Vidole viwili vya kwanza hukaa juu ya mshono, navyo kidole cha pete na kidole kidogo hukunjwa upande wa chini. Nguvu hutoka katika kidole cha pete kikisaidiwa na kifundo kinachofunguka kwa ghafla. Mpira husokotwa sana kuliko wa vidole na kupinda zaidi, lakini ni mgumu kuudhibiti. Mwanafunzi wa legi-spini hana budi kukubali kwamba kwa miezi mingi mipira yake mibaya itakuwa mingi kuliko mizuri.

Mrushaji wa legi-spini ana hila moja iitwayo gugli. Kwa jicho la mpigaji mkono ni ule ule, lakini mpira huachiliwa kwa mgongo wa kiganja na hupinda upande wa pili. Hila hiyo ilibuniwa na Mwingereza Bernard Bosanquet mwanzoni mwa karne ya 20. Warushaji wa ofu-spini walipata jibu lao baadaye sana: mpira uitwao dusra, neno la Kiurdu lenye maana ya "ya pili", uliopata umaarufu kupitia Saqlain Mushtaq wa Pakistan katika miaka ya 1990.

Spini hufanya kazi hata kabla ya mpira kugusa ardhi. Mpira unaozunguka kuelekea mbele husukumwa chini na hewa, hivyo hushuka ghafla na kudunda mapema kuliko mpigaji alivyokadiria. Ukizunguka kwa ubavu, huelea pembeni. Mfano unaokumbukwa zaidi ni mpira wa Shane Warne wa Australia aliomrushia Mike Gatting wa Uingereza mjini Manchester mnamo Juni 4, 1993. Ulielea kuelekea upande wa legi, ukadunda nje ya miguu ya mpigaji, kisha ukapinda na kugonga kigingi cha upande wa ofu. Gatting alibaki akiutazama uwanja kana kwamba umemdanganya.

MBINU: KUTEGA KABLA YA KUNASA

Kuusokota mpira ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua pa kuudundisha, lini na kwa sababu gani.

Jambo la kwanza ni umbali. Mpira unaodunda karibu mno na mrushaji humpa mpigaji nafasi ya kurudi nyuma, kuusoma na kuupiga atakako. Unaofika miguuni mwake bila kudunda ni zawadi. Mahali pa hatari kwa mpigaji ni hatua tatu au nne mbele yake, ambapo hajui kama aende mbele au arudi nyuma. Kusitasita huko ndiko mrushaji anakokutafuta.

Jambo la pili ni mstari. Mrushaji wa ofu-spini hulenga nje kidogo ya kigingi cha upande wa ofu, ili mpira ukiingia upite baina ya gongo na mguu. Wa mkono wa kushoto na wa legi-spini hupendelea mstari wa vigingi vyenyewe, ili mpigaji alazimike kucheza kila mpira. Akiukosa, ama wiketi itagongwa ama mwamuzi atamtoa kwa kuuzuia mpira kwa mguu mbele ya wiketi.

Jambo la tatu ni kuinua mpira hewani. Mrushaji mwoga husukuma mpira chini na kwa haraka akihofia kupigwa. Mrushaji jasiri huupandisha juu kidogo ya usawa wa macho ya mpigaji, akamshawishi atoke nje ya mstari wake. Akitoka na kukosa, mlinda wiketi huangusha vijiti na safari yake huishia hapo.

Jambo la nne ni kubadili kasi bila kubadili mkono. Mipira mitano ya mwendo mmoja humzoesha mpigaji, na wa sita uliopunguzwa mwendo kidogo humfanya apige kabla ya wakati. Katika mbinu hii, mrushaji wa mkono wa kushoto ana mpira wa ziada usiopinda kabisa, unaofuata njia ya mkono. Mpigaji aliyezoea mpira unaokimbia huacha pengo, nao huu huingia moja kwa moja.

Jambo la tano ni mpangilio wa wadakaji. Mrushaji na nahodha hupaswa kukubaliana ni pigo gani wanataka lichezwe. Wakimweka mdakaji mmoja karibu na gongo na wengine mbali mpakani, huacha nafasi tupu kwa makusudi upande ambao pigo lake ni la hatari kwa mpigaji. Kwa mfano, anayerusha mpira unaokimbia kuelekea ofu huacha wazi upande wa legi, ili mpigaji auvute mpira kinyume cha mzunguko wake na kuuinua hewani.

Katika mechi za ova 20, ambapo kila mrushaji hupewa ova nne tu, wapigaji hushambulia tangu mwanzo. Wengi walidhani mtindo huo ungeua spini. Kinyume chake, warushaji wa polepole wamekuwa tegemeo, kwa kuwa mpira usio na kasi humlazimu mpigaji kutumia nguvu zake mwenyewe.

PUNE NA NAIROBI: SOMO LA WAKENYA

Kenya haihitaji kuazima mifano kutoka mbali. Mnamo Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 pekee dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa na Brian Lara. Nahodha Maurice Odumbe, aliyerusha ofu-spini, alimaliza ova zake kumi kwa kutoa mikimbio 15 na kuwaondoa wapigaji watatu. West Indies ilianguka kwa mikimbio 93. Wapigaji waliozoea mpira wa kasi walikosa subira ya kuusubiri mpira wa polepole.

Miaka saba baadaye, Februari 24, 2003, ilikuwa zamu ya Nairobi. Katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya iliipa Sri Lanka shabaha ya mikimbio 211. Kijana Collins Obuya, mrushaji wa legi-spini, alirusha ova kumi, akatoa mikimbio 24 na kuwaondoa wapigaji watano, miongoni mwao Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Sri Lanka ilitolewa ikiwa na mikimbio 157. Katika kikosi hicho cha wageni alikuwemo Muttiah Muralitharan, ambaye baadaye, mwaka 2010, alikamilisha wiketi 800 katika mechi za Testi, idadi ambayo hakuna mwingine amewahi kuifikia.

Ushindi huo uliisaidia Kenya kufika nusu fainali, ambako ilishindwa na India mjini Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Testi iliyowahi kufika hapo.

Safari ya Obuya ina somo la pili. Mwaka huo huo wa 2003 alisajiliwa na klabu ya Warwickshire ya Uingereza, lakini makali ya mkono wake yalififia na hatimaye akageuka kuwa mpigaji. Mnamo 2011, katika Kombe la Dunia, aliifungia Kenya mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Legi-spini ni ufundi unaopotea upesi usipotunzwa kwa mazoezi ya kila siku na jicho la mwalimu anayeielewa.

ARDHI KAVU, RAFIKI WA SPINI

Katika kriketi, ardhi ni mchezaji wa 12. Pichi yenye nyasi mbichi na unyevu huwafaa warushaji wa kasi. Iliyokauka humfaa wa spini, kwa sababu uso wake huchakaa, hutoa vumbi na kupata nyufa ambazo mshono wa mpira huzishika. Ndiyo maana India, Sri Lanka na Pakistan zimetoa mabingwa wengi wa ufundi huu.

Kitui na Makueni ni nchi kavu. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na baina ya misimu hiyo jua huukausha udongo hadi ukawa mgumu kama sakafu. Kuanzia Juni hadi Septemba, uwanja wa shule mjini Wote, Mwingi au Kibwezi haupati tone la kuufanya uteleze. Ambapo kutunza nyasi ni gharama isiyobebeka, mkeka wa makumbi uliotandikwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa hutosha. Mpira hushika mkeka vizuri na kupinda kwa uhakika.

Hata hivyo, ardhi yenye changarawe na mashimo haifai. Mpira ukiruka ovyo unaweza kumuumiza mpigaji usoni, na mrushaji hatajua kama umepinda kwa ufundi wake au kwa kokoto. Sharti sehemu ya kudundia isawazishwe na kufagiliwa.

MAZOEZI YA GHARAMA NDOGO

Mpira wa ngozi, gongo, pedi na glavu ni vifaa ghali kwa shule nyingi za mashambani. Mwanafunzi wa spini anaweza kuanza bila hivyo vyote.

Hatua ya kwanza ni kusokota mpira wa tenisi kutoka mkono mmoja hadi mwingine akiwa ameketi, mamia ya mara kwa siku, mpaka vidole vizoee. Wanawake wa Ukambani wanaosuka viondo hufanya jambo linalokaribiana na hilo wanaposokota nyuzi za katani kwa kiganja juu ya paja. Nguvu zao si nyingi, ila msokoto ni ule ule kila mara. Mrushaji naye hutafuta msokoto usiobadilika.

Hatua ya pili ni kurusha akiwa amesimama, bila kukimbia, kuelekea ukutani umbali wa hatua kumi. Mwalimu atazame kama mpira unadunda na kupinda. Mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme huwa mzito kidogo na hukaribia tabia ya mpira halisi. Vijana wa mitaa ya Pakistan wameutumia kwa miaka mingi.

Hatua ya tatu ni shabaha. Karatasi au kitambaa huwekwa hatua nne mbele ya vigingi, na mwanafunzi huhesabu ni mipira mingapi kati ya 30 inayokigusa. Idadi hiyo iandikwe kila siku. Daftari la namna hiyo huonyesha maendeleo kwa uhakika kuliko sifa za marafiki.

Hatua ya nne ni mwendo mzima: hatua chache za kukaribia, mwili ukiwa umegeuka ubavu, mkono wa mbele ukiwa juu, uzito ukihamia mguu wa mbele, kisha mwili kuzunguka juu ya mguu huo. Mrushaji asiyezungusha mwili huachia vidole kazi yote, na bega lake huumia mapema.

Mwalimu awe mkali kuhusu jambo moja tangu siku ya kwanza: kiwiko. Kanuni za Baraza la Kimataifa la Kriketi, zilizoanza kutumika mwaka 2005, humruhusu mrushaji kunyoosha kiwiko kwa nyuzi zisizozidi 15 wakati wa kurusha. Anayepita hapo huhesabiwa kuwa anatupa jiwe, na anaweza kusimamishwa hadi ajirekebishe. Kosa lililozoeleka utotoni ni gumu kuliondoa ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi.

KINACHOHITAJI KUOKOLEWA

Kenya ilishiriki Kombe la Dunia mara tano mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2011. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo huonekana katika orodha za majina ya wachezaji. Ndugu watatu wa familia ya Obuya walikuwa katika kikosi cha 2003. Familia za Tikolo, Suji, Odumbe na Ngoche nazo zilitoa zaidi ya mchezaji mmoja wa taifa. Ni sifa kwa familia hizo, lakini pia ni dalili kwamba mchezo ulirithiwa nyumbani na kwenye vilabu vichache vya mijini badala ya kufundishwa nchini kote. Kizazi hicho kilipozeeka, hakikupata warithi wa kutosha.

Mlango haujafungwa. Tangu Januari 2019, mechi za ova 20 baina ya timu za taifa za wanachama wote wa Baraza la Kimataifa zina hadhi rasmi, na kriketi, kwa mtindo wa ova 20, imepangwa kurejea katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028. Nchi yenye warushaji wawili au watatu wa spini wanaojua kazi yao inaweza kuiangusha timu yenye jina kubwa kwa alasiri moja, kama ilivyokuwa Pune na Nairobi.

Reli ya Mombasa hadi Nairobi hupita Kibwezi, Makindu na Emali, ikiunganisha miji miwili ambako kriketi ya Kenya imekuwa na makao kwa miongo mingi. Katika muda wote huo mchezo umepita njia hiyo ndani ya mabehewa bila kushuka. Mwalimu mmoja, mpira wa tenisi na ukuta wa darasa vinatosha kuanza kubadili hali hiyo. Kumjenga mrushaji wa spini huchukua miaka mingi, na anayeanza leo akiwa na miaka 12 hatakuwa amekamilika kabla ya kufika ishirini na kitu. Karim mwenyewe alifikia kilele chake alipokuwa akikaribia arubaini.